Mgomba wa Gamaliel

Kosa walilifanya wajomba, na mpaka leo sijawasamehe. Miaka ishirini na minne iliyopita, kaka yangu Gamaliel alipotea ziwani. Boti ya mizigo aliyosemekana kuipanda ilipinduka na ndizi zake zote ikielekea Mwanza. Maiti kumi na moja ziliopolewa, yake haikuwemo. Tulingoja siku arobaini, kisha wazee wa ukoo wakasema nyumba haiwezi kulia bila kaburi, tuzike mgomba badala ya mwili, kama walivyofanya waliotutangulia. Mchungaji alisali sebuleni, akakataa kufika shimoni. Mama akakataa mgomba wa ndizi za pombe, akasema mwanawe hakuwa mlevi, wachukue wa ndizi za kupika. Wajomba walikuwa na haraka ya kumaliza waondoke. Badala ya kukata shina, waliung'oa mgomba pamoja na kisiki na mizizi yake, wakauvisha sweta la shule la Gamaliel, wakaufukia hivyo hivyo.

Mvua za vuli zilipokuja, kaburi likaota.

Hakuna aliyewahi kula ndizi zake. Mikungu iliivia juu, popo wakafaidi, machipukizi yakaongezeka mwaka hadi mwaka mpaka likawa shina kubwa la migomba mitano. Mama aliipalilia kwa mikono, bila jembe, na kila asubuhi alipita pale akaisalimu kwa Kihaya kama anavyosalimiwa mtu aliyelala. Mimi nilikuwa na miaka tisa wakati wa mazishi. Upepo ukivuma nilisikia kitu kikikwaruza chini ya udongo, na nilijua ni lile sweta. Anayetaka kucheka na acheke. Nimesoma, nina cheti na muhuri wa serikali, na bado nalisikia.

Muhuri huo ni wa mtendaji wa kijiji, hapa hapa Ijumbi. Kwa hiyo kampuni moja ilipoomba kujenga kiwanda cha kusaga na kurejeleza vyuma chakavu kijijini kwetu, mimi ndiye niliyekuwa katibu wa mkutano wa kusikiliza maoni ya wananchi. Na eneo walilolitaka lilikuwa kibanja chetu, yaani shamba la migomba la ukoo lenye nyumba na makaburi yetu, kwa kuwa kiko barabarani.

Jalada lilinifikia siku mbili kabla. Lilisema kibanja kimekwisha kununuliwa kutoka kwa "mrithi halali wa marehemu Kahangwa", bila jina. Kahangwa ni baba yangu, aliyefariki mwaka mmoja kabla ya ile boti. Nilijua moja kwa moja kuwa ni baba mdogo Mwijage wa Bukoba, ambaye kibanja hiki kinamtoa udenda tangu zamani. Nilimpangia maneno ya kumvua nguo mbele ya kijiji kizima.

Tulikutana saa nne asubuhi katika darasa la shule ya msingi. Mhandisi wa kampuni alieleza kuwa mashine yao inameza basi bovu zima na kulitoa vipande vya ukubwa wa kiganja. Vijana walipiga makofi, maana ajira ni ajira. Wanawake waliuliza mafuta machafu na tindikali ya betri yataelekea wapi, ikiwa chemchemi wanayochota maji iko bondeni, chini ya kibanja hicho hicho. Nancy, afisa mazingira aliyetoka wilayani, aliandika kila swali, akaongeza la kwake kuhusu kelele na umbali wa madarasa. Mpaka hapo mkutano ulikwenda vizuri.

Niliomba ruhusa kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Rweyemamu, nizungumze kama mwanafamilia. Nikasema kwamba fomu ya mthamini wa kampuni ina kosa. Ameandika kaburi moja, la baba, na migomba arobaini na mmoja. Katika hiyo arobaini na mmoja, mitano si mazao, ni kaburi.

Nancy aliuliza jina la marehemu. Nikamtajia.

Wakili wa kampuni, kijana aliyevaa miwani, alifunua karatasi zake mara mbili. Alionekana kutoelewa alichokisikia. "Samahani, katibu," alisema, "Gamaliel Kahangwa ndiye aliyetuuzia. Tumekuja naye, yuko kwenye gari."

Bibi mmoja wa mstari wa nyuma alifunga kanga yake vizuri, akatoka nje, akaenda zake nyumbani.

Mtu aliyeingia alikuwa na mvi na koti lililompwaya. Nilimjua kabla sijamwona uso, kwa sababu aliinamisha kichwa mlangoni kama alivyokuwa akifanya baba, ingawa mlango wa darasa ni mrefu na haukumlazimu. Nilitazama miguu yake kuona kama inakanyaga sakafu.

Alieleza kwa sauti ndogo, akitazama meza. Siku ile hakupanda boti. Alifuatana na wafanyabiashara wa kahawa, wakavukia Uganda kupitia Mutukula. Miezi miwili baadaye alikutana na mtu wa nyumbani, ambaye alipomwona alikimbia, na alipotulia alimwambia kuwa amekwisha kuzikwa. Gamaliel akaogopa. Kwetu mtu aliyezikwa harudi katika nyumba iliyomlilia, akirudi anakuja na kifo. Kwa hiyo alikaa huko miaka yote, alisema, ili tusife.

Nilimwonea huruma kwa muda wa pumzi moja. Halafu hasira ikanipanda. Aliyezikwa harudi kumjulia hali mama yake, ila kuuza kibanja anarudi.

Nancy alieleza kwa upole jambo lilivyokaa. Wosia wa baba ulimtaja Gamaliel kuwa musika, yaani mrithi wa kibanja, lakini mrithi lazima atambuliwe na familia yake. Akitambuliwa, mauzo yanakuwa halali, kaburi halina mtu, ile migomba mitano itahesabiwa mazao, na ukaguzi wa kiwanda utaendelea. Asipotambuliwa, muuzaji hana haki, na ombi la kampuni linaishia hapo.

Mzee Rweyemamu alivua kofia. "Mama Gamaliel," alisema, "unamtambua huyu?"

Kijiji kizima kilimwita mama kwa jina hilo. Hakikuwahi kuacha hata baada ya mazishi.

Mama alisimama, akatembea taratibu katikati ya madawati mpaka mbele yake. Gamaliel alianza kulia bila sauti. Mama alinyoosha mkono, akamwekea sawa kola ya shati iliyokuwa imejikunja, akaipapasa mpaka ikalala. Akamuuliza jambo moja tu kwa Kihaya: alipokuwa anauza, alijua kuwa ile migomba ipo pale? Gamaliel akajibu kuwa alijua. Mthamini alimwonyesha picha, na yeye Gamaliel akamwambia aihesabu pamoja na mingine.

Mama akarudisha mkono wake. Alimgeukia mwenyekiti, akamwita kwa heshima ya Kihaya.

"Waitu, huyu simjui. Mwanangu nilimzika."

Mzee Rweyemamu aliniuliza na mimi. Kalamu ilikuwa mkononi, ukurasa wa muhtasari uko wazi. Huyu ndiye aliyenifundisha kusoma saa, aliyenibeba mgongoni kunipeleka kliniki nilipougua surua. Nikasema simfahamu. Kisha nikaandika kwa mkono wangu mwenyewe: familia haimtambui muuzaji. Nikagonga muhuri.

Hakubisha. Hakutaja jina la utani wala kumbukumbu yoyote ya nyumbani, na angetaja moja tu ningevunjika mbele ya watu wote. Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu alilolitarajia, akainama mlangoni, akatoka. Wakili alikusanya karatasi zake. Nancy alifunga jalada, akaandika juu yake neno ambalo sikulisoma. Wanawake wa chemchemi walinishika mkono kwa furaha, wakaniambia tumeshinda.

Jioni tuliketi jikoni, mama na mimi, tukimenya ndizi. Alimenya tano, sita, akiziangusha kwenye beseni la maji, kisha kisu chake kikasimama.

"Edvina," alisema, "umeona alivyokonda?"

Nilimjibu kwamba sikumwangalia.