Cheti Kilichovishwa Plastiki

Habari za Omani zilimkuta Hulda amepiga magoti kwenye tuta la njegere, nyuma ya nyumba yake pale Mahongole, pembeni ya mji wa Makambako. Erica alipiga simu kusema chuo kikuu kimoja cha huko kimempa kazi ya kufundisha kemia, mkataba wa miaka mitatu, na nyumba ya kukaa juu yake. Hulda alimshukuru Mungu kwa sauti, kama ipasavyo. Ndipo Erica akaongeza kwamba ameshamwambia mama, na mama amelia kwa furaha mpaka majirani wakaja kuuliza amefiwa na nani.

Hulda alibaki na simu sikioni. Mama. Miaka yote jina hilo lilikuwa lake yeye. Mdogo wake Eveline, aliyemzaa Erica, aliitwa Mama Njombe, kama mtu anavyotaja kituo cha basi.

Ilikuwa hivi. Eveline alifiwa na mume wa kwanza Erica akiwa na miaka minne. Akaolewa tena na Stanley wa Njombe, mtu laini kanisani na mgumu nyumbani, aliyetamka wazi kwamba halimi shamba lililopandwa na mwenzake. Hulda na mumewe Ebeneza hawakujaliwa mtoto. Wakamchukua. Hulda ndiye aliyemvika sweta mbili baridi ya Juni ilipouma, akamfundisha sala ya kabla ya chakula, akapanda viazi mashamba ya kukodi ili mtoto aende bweni. Ebeneza alipofariki walibaki wawili, wakalia pamoja. Lakini Stanley naye alikufa, mlango wa Njombe ukafunguka, na likizo za Erica zikaanza kuishia huko. Hulda aliliona hilo. Alikuwa mtu wa kuona na kunyamaza.

"Halafu mama mkubwa," Erica akasema kwenye simu, "kile cheti changu cha shahada ya kwanza unacho bado? Vyeti vyote vinatakiwa vikagongwe mihuri Dodoma, halafu ubalozini. Mwisho wa mwezi viwe vimefika."

Mama mkubwa. Neno sahihi kabisa la ukoo, hakuna wa kulilaumu. Lilimwingia kama mwiba wa samaki.

"Nitatafuta, mwanangu," akajibu. "Vitu vya humu ndani ni vingi."

Hakuwa na cha kutafuta. Alinawa mikono, akaingia chumbani, akafungua sanduku la bati. Cheti kilikuwa chini ya Biblia ya Ebeneza, mahali pake. Siku ya mahafali Erica alikuwa amekiweka mikononi mwake mbele za watu akasema, "Hiki chako. Mimi nilisoma, wewe ulichoka." Na kwa kuwa ukungu wa nyanda hizi haujui karatasi ya nani, ukungu ule ule uliokwisha kula cheti cha ndoa cha Hulda, alikipeleka stendi kwa wale wa fotokopi, wakakivisha plastiki ya moto pande zote mbili. Sasa kiling'aa kama kioo. Alikifuta kwa upindo wa kanga, akakirudisha.

Wiki ya kwanza ikapita. Erica alipiga mara mbili, na mara mbili Hulda akasema bado anatafuta. Jumapili wanawake wa usharika walimpa mkono wa hongera mlangoni, akapokea, moyo ukatulia kidogo. Hapo Scolastika, jirani yake asiyeweza kumeza neno, akasema amesikia ibada ya kumuaga Dokta Erica itafanyika Njombe, kwa mama yake mzazi. Akauliza kama na wao wa Makambako watapelekewa mwaliko, au watasimuliwa tu.

Wiki ya pili akapiga Eveline mwenyewe. Alizungumza kwa bashasha ya mtu aliyeshiba: amewashonea sare wanawake wa jumuiya yake, amemwomba mzee wa kanisa, Mzee Nahumu, aongoze sala. "Na wewe dada usihangaike na kazi za jikoni. Nimekuwekea kiti cha mbele, na wageni wa heshima."

Hulda alishukuru. Alijua ibada hizo zinavyokwenda. Msafiri huketi katikati, mzazi husimama nyuma yake na kumwekea mikono mabegani, na mzee wa kanisa huomba mpaka amina. Mzazi mmoja. Jioni hiyo alipiga magoti kitandani kwake na sala haikuja. Wazo lililokuja badala yake lilikuwa fupi na la kutisha: bila karatasi ile hakuna anayesafiri, na pasipo msafiri hakuna atakayesimama nyuma ya kiti. Hakulifukuza. Alilala nalo.

Alhamisi asubuhi Erica alipiga akilia. Alikuwa Njombe, Jumatatu ndiyo siku ya mwisho ya kupokea vyeti, viwili vipo mkononi na cha tatu hakipo. "Mama, nimekwama."

Safari hii hakusema mkubwa. Hulda akavaa koti, akafunga cheti ndani ya kanga, akapanda gari la Njombe la saa tatu. Njiani wivu ulimsemesha maneno matamu: leo Eveline ataona nani ana mkono juu ya maisha ya huyu mtoto.

Sebule ya Eveline ilikuwa ya fundi cherehani, vitambaa kila kiti, pasi ya mkaa ikifuka moshi dirishani. "Kamwene, dada," Eveline akamsalimu, akamwondolea vitambaa apate pa kukaa. Erica alimrukia Hulda shingoni. Kanga ikafunguliwa, cheti kikang'aa mezani, na Hulda akasubiri kushukuriwa.

Erica alikigeuza upande wa pili. Akakigeuza tena. 

"Nani alikivisha plastiki?"

"Mimi. Kisije kikaoza."

Erica alikaa chini, akaeleza polepole kama anavyoeleza darasani. Muhuri hugongwa kwenye karatasi yenyewe. Chenye plastiki wanakirudisha. Kuomba kingine chuoni ni kuanzia polisi, kisha tangazo gazetini, kisha kungoja miezi. Kungekuwa na wiki mbili angeweza kwenda chuoni akawalilia. Siku nne hazitoshi kitu. "Basi," akamalizia. "Watachukua mtu mwingine."

Hulda aliangalia mikono yake, ikiwa bado na udongo wa njegere kwenye kucha. Miaka yote alimfundisha mtoto huyu kwamba uongo ni jembe la mpini mfupi, ukilima nalo mgongo wako ndio unaovunjika.

"Wiki mbili zilikuwepo," akasema. "Sikuwa natafuta. Nilikijua kilipo tangu siku ile ya kwanza."

Erica alimtazama. Akatoka nje, wakasikia hatua zake zikikoma barazani.

Eveline hakupiga kelele. Alichukua cheti, akakiinua kwenye mwanga, akapitisha ukucha ukingoni. Miaka thelathini amekuwa akibandika kola za mashati kwa moto na kuzibandua zikikosewa. "Gundi ni gundi," akasema. "Ikipata joto la kutosha inaachia. Joto likizidi, wino unaondoka nayo. Kaa hapa, shika pembe hii. Usivute mpaka nikuambie."

Wakafanya kazi. Eveline alitandika kitambaa cha pamba juu, akagusa kwa pasi, akaondoa, akagusa tena. Hulda alishika pembe na kuvuta kidogo kidogo, upana wa punje ya mchele kwa wakati. Iliuma kuona mikono ya mdogo wake ikiokoa alichofunga yeye. Iliuma zaidi kuona inavyojua kazi.

"Ulinitia joto la roho wiki mbili," Eveline akasema bila kuinua macho. "Lakini nilihisi umekizuia. Ningekuwa mimi, ningekaa nacho mwezi."

"Wewe? Umekosa nini wewe? Anakuita mama."

"Tangu mwaka juzi. Wewe ulianza akiwa na meno ya utoto." Akagusa pasi. "Vuta. Taratibu. Nilikuwa nakuja Makambako kumwona, anakimbilia nyuma ya gauni lako kama ameona chui. Nikirudi nalia njia nzima, Stanley anauliza nalilia nini."

Hulda hakulijua hilo, yeye aliyejidai anaona kila kitu.

"Siku ya ibada nisimame mimi," Eveline akasema. "Mara moja tu, dada."

Plastiki ya mbele iliachia yote, ikajikunja kama ganda la kitunguu. Karatasi ilibaki, imepauka pembeni, lakini jina lipo na tarehe ipo. Wakageuza upande wa nyuma.

"Basi siku hiyo simama wewe," Hulda akasema.

Jumatatu cheti kilipokelewa Dodoma. Waliuliza kwa nini kimepauka, Erica akajibu kwamba kilitunzwa sana. Kikagongwa muhuri.

Ibada ilikuwa Jumapili iliyofuata. Hulda aliketi kiti cha mbele, na Mzee Nahumu alipomwita mzazi, Eveline akainuka na sare yake mpya, akaweka mikono mabegani kwa Erica. Sala ya siku hiyo Hulda aliiona ndefu kuliko zote alizopata kusikia. Wivu haukuondoka. Ulikaa naye kwenye kiti kile kile, akautazama, akasema amina pamoja na wengine. Wakati wa kuagana Erica alimkumbatia na kumwambia kwamba bado ana hasira kidogo, na kwamba atampigia akifika, yeye wa kwanza.

Kabla ya kuondoka Hulda aliomba ile plastiki.

"Si takataka hiyo, dada?" Eveline akashangaa.

"Nipe hivyo hivyo."

Alifika Mahongole jua halijazama. Alipoinyoosha plastiki kwenye mwanga wa dirisha aliona kivuli cha wino, chepesi, jina la Erica limebaki humo nusu. Akaiweka chini ya Biblia ya Ebeneza, mahali pa cheti. Kisha akapiga magoti, akamwombea Erica safari njema na wanafunzi wasikivu. Alipofikia jina la Eveline alisita, kama mtu anayekanyaga jiwe lenye utelezi mtoni. Halafu akalitaja.