Tumbo la Ayuma

Jumanne, tarehe 15 Julai 2025, saa nne na dakika kumi asubuhi, manyunyu ya baridi yakianguka juu ya mtaa wa Fedha, tabibu Mwangangi alifungua mlango wa chumba chake kwenye kliniki na kuita, "Patrobas Luseno."

Kuita jina kamili la kitambulisho, kwa sauti ya kufika langoni, ilikuwa kanuni aliyoiweka mwenyewe, ili mgonjwa asije akapewa dawa za mwingine. Alijivunia kanuni hiyo. Aliyeinuka alikuwa mwanamke mwenye sweta ya samawati, amejikunja, mkono chini ya ubavu wa kulia.

"Haiya, Patrobas ndiye huyu?" mama mmoja kwenye benchi la wagonjwa alisema. "Na vile ametushinda sote kwa kujipamba."

Benchi lote likacheka. Mwanamke akageuka kuelekea langoni.

"Rudi, tafadhali," Mwangangi alisema. "Unaumwa tangu lini?"

"Tangu jana. Lakini nimezoea kuondoka, daktari. Naitwa Ayuma."

"Basi ingia, Ayuma."

Kabla hajamgusa, mlango ukafunguliwa. Aliingia muuguzi Nthoki, kisha Nzivo wa maabara akitafuta kalamu, kisha karani wa malipo, asiyetafuta chochote.

"Daktari, muulize kwanza kama alifanyiwa ile operesheni ya kugeuka mwanamke," Nthoki alisema.

"Itanisaidia nini?"

"Tujue tunatibu nini."

"Tunatibu tumbo, sista."

"Mimi nasema ni vile vidonge vya homoni."

"Ulifundishwa wapi hayo?"

Nthoki akamtazama Nzivo. Mwangangi naye hakuwa amefundishwa, hata kipindi kimoja, na jambo hilo lilimkera kuliko kicheko cha benchi.

"Nje, kila asiye na kazi humu." Mlango ulipofungwa, akamgeukia mgonjwa. "Sijui mengi kuhusu dawa zako. Nieleze."

Ayuma alimweleza: alizitumia kwa miaka miwili bila shida, maumivu yalianzia kitovuni, yakahamia kulia. Mwangangi alimlaza kitandani, akabonyeza pale taratibu, akaachilia ghafla. Ayuma akauma mkono wa sweta.

"Ni kidole tumbo. Lazima upasuliwe leo, kabla hakijapasuka."

Simu ikalia. Alikuwa Matheka, mwenye kliniki, aliyekuwa kiranja wa bweni lao shuleni. Karani alikuwa amekwisha kumpigia.

"Bwana Mwangangi, wateja wananung'unika. Mtoe huyo polepole."

"Ana kidole tumbo. Nataka ambulensi imfikishe hospitalini."

"Ambulensi yangu haibebi vituko. Apande bodaboda."

Mwangangi alikwenda dirishani, akarudi, akaenda tena. Ayuma alikuwa ameanza kutafuta viatu vyake kwa miguu.

"Umesahau?" Matheka alisema. "Kidato cha pili, ukiwa na malaria, adhabu yako ya kung'oa kisiki nani aliifanya? Na hiyo kazi nani alikupa? Sijawahi kukudai. Leo nakudai."

Mwangangi alifungua mlango kwa mkono usioshika simu. "Sista Nthoki, mwambie dereva awashe ambulensi. Nitakwenda naye mwenyewe, ili huko aitwe Ayuma."

"Unanisikia?" Matheka aliuliza.

"Nakusikia, kiranja. Deni lako nalikubali, na kazi yako waweza kuichukua jioni. Lakini kwa mgonjwa huyu silipi."