Bahasha ya Maharage ya Mzee Delbert

Mkate haujaiva ovenini, Verlene Tackett alikuwa ameshatoboa kidole, ameshapima sukari na ameshajidunga sindano ya asubuhi. Aliinua chupa ya insulini dirishani, akaipindua. Iliyobaki ilitosha sindano ya jioni tu. Akairudisha kwenye friji, kando ya chupa tatu mpya ambazo hazikuwa na faida tena.

Hizo tatu zililetwa kwa posta siku ya Alhamisi. Mleta barua alizitia kwenye kisanduku cha bati kando ya barabara saa nne asubuhi, Verlene akiwa mazishini ng'ambo ya mlima. Jua la Julai pale Kentucky halina simile. Aliporudi saa kumi, barafu iliyofungiwa nazo ilikuwa imegeuka maji ya moto, na insulini iliyopikwa hivyo haimsaidii mtu. Alipoipigia kampuni ya bima aliambiwa kwamba kwenye rekodi zao mzigo ulifika salama.

Akavaa kofia, akatia mkate mmoja kwenye kitambaa, akaendesha gari mpaka duka la dawa la Maggard.

Duka lenyewe lina kaunta, birika la kahawa na viti vinne, na kila Jumatatu viti hivyo hukaliwa na wastaafu wa shule za wilaya, waliokuja kununua kitu na wasiokuja kununua. Verlene aliendesha basi la shule miaka thelathini na mmoja. Curtis Maggard, mwenye duka, alikuwa abiria wake tangu darasa la kwanza. Sasa ana upara na shahada ya ufamasia, na bado akimwona Verlene huketi wima.

"Shikamoo, Mama Verlene."

"Marahaba. Kula mkate, halafu nipe dawa yangu."

Curtis alipitisha kadi yake kwenye kompyuta. Kompyuta ikakataa, kama ilivyowakatalia wengine wiki nzima. "Bima ya wastaafu wanasema wewe ni mtu wa kuletewa dawa kwa posta tangu tarehe moja. Eti ulichagua mwenyewe."

"Mimi? Nilichagua lini? Miaka kumi na minane nachukulia hapa!"

"Walituma barua mwezi wa tano. Asiyejibu amekubali. Na mwisho wa kubadilisha ni leo, saa kumi na moja jioni." Akashusha sauti. "Ngoja nikupe chupa moja bure, mama. Itabaki kati yetu."

"Uliwapa wangapi wiki iliyopita?"

Curtis akatafuna mkate.

"Basi weka. Ukifilisika wewe, sote tutakuwa watoto wa kisanduku cha bati."

Barua aliikumbuka. Bahasha yake ilikuwa na picha ya wazee wawili wanacheka juu ya baiskeli, meno meupe kama ya kukodi. Nani angedhani ni barua ya maana? Kule milimani karatasi za matangazo haziingii hata ndani. Kila nyumba ina pipa la kuchomea takataka, na wazee wale wawili waliteketea pamoja na baiskeli zao katika mapipa yote ya bonde.

Verlene akaiweka simu juu ya kaunta, akafungua spika, akaipigia kampuni ya bima.

"Simu yako ni muhimu sana kwetu," ilisema mashine, kisha ikaanza kupiga muziki.

Robo saa ikapita, ikaja nusu. Muziki ulikuwa uleule, kinanda kinachozunguka kama punda wa kinu. Mzee Delbert Combs, mchimba makaa mstaafu aliyeingia kwenye bima ile kwa tiketi ya mkewe, mpishi wa shule, alianza kugonga kisigino sakafuni bila kujijua. Kisigino kikaleta cha pili. Mkewe, Oma, akasema, "We mzee, mapafu yako!"

"Mapafu yamekaa, mwanamke. Zinacheza nyayo."

Akasimama, akacheza ile ngoma ya milimani ambayo kiwiliwili hutulia na miguu ndiyo husema. Oma akavumilia kidogo, kisha uvumilivu ukamshinda, akaweka kikombe chini na kuingia. Waliofuata dawa wakasahau kilichowaleta. Verlene alipiga makofi na kucheka mpaka machozi yakamtoka, na kwa muda ule alikuwa na furaha kweli, hata na chupa yake iliyobakiza sindano moja.

Ndipo simu ikapokelewa.

"Asante kwa kusubiri, naitwa Renee. Samahani, hapo kuna sherehe?"

"Ni muziki wenu, binti yangu. Mzuri, ila mfupi." Verlene akaeleza shida yake, taratibu.

"Naelewa, mama. Unataka kurudi kwenye duka lako. Naomba namba ya tangazo, iko kwenye barua ya mwezi wa tano. Bila hiyo mfumo haunifungulii."

"Barua nimeichoma, pamoja na wazee wake wa baiskeli."

"Naweza kukutumia nyingine."

"Kwa njia gani?"

"Kwa posta. Siku saba hadi kumi."

Verlene aliwatazama wenzake mmoja mmoja, kila mmoja akatazama chini. Wote walikuwa na mapipa. Sindano moja ya jioni, basi.

"Subiri kidogo," alisema Delbert, bado anahema. "Baiskeli? Wazee wenye baiskeli? Mbona wako kwangu kwenye gari!"

Oma akamgeukia. "Nilikwambia uitupe!"

"Bahasha nzima ile, nzuri, nitupe? Nimetilia mbegu."

Kila mtu pale alijua mbegu za Delbert. Maharage ya kutambaa, ya bibi yake mzaa mama, aliyatunza mwaka hadi mwaka kwenye bahasha za watu, akiandika jina na mwaka kwa penseli. Alitoka akichechemea, akarudi na bahasha imevimba, akaimimina ndani ya kofia ya Verlene. Baada ya mbegu, ikaanguka barua, imekunjwa vilevile ilivyotoka kiwandani.

"Binti, upo?"

"Nipo, mama. Haturuhusiwi kumkatia mteja."

"Hebu rudia hilo."

"Haturuhusiwi kukata simu kabla mteja hajamaliza."

"Vizuri sana," alisema Verlene, akavaa miwani, akasoma namba. Ilikuwa moja kwa wastaafu wote. Vidole vya Renee vikasikika vikigonga, na kompyuta ya Curtis ikaipokea kadi. Curtis alikwenda kwenye friji yake, akarudi na chupa mbili za baridi, zikitoa jasho.

"Je, kuna lingine naweza kukusaidia?" aliuliza Renee, kama alivyofundishwa.

"Lipo. Linaitwa Delbert, na nyuma yake kuna mkewe." Verlene akageuka, akaitoa ile sauti ya basi. "Foleni! Wafupi mbele! Hakuna kusukumana! Curtis, wapigie wasiokuja."

Watu wakapanga mstari mpaka nje, wazee na mikongojo yao, na hakuna aliyesukuma. Mpaka saa kumi na dakika hamsini simu ilikuwa imepita mikono thelathini na minne. Renee aliuliza swali lake mara zote hizo, sauti ikikaribia kicheko, na mwishoni akasema kwa upole, "Mama, lazima nikusomee na hili. Chaguo hili linakwisha Desemba. Mtatumiwa barua nyingine. Msipojibu…"

"Tutakuwa tumekubali."

"Ndiyo, mama."

"Pole kwa kazi, binti yangu. Kosa siyo lako."

Delbert alimgawia kila mtu mbegu saba kutoka kwenye kofia, kwa sharti kwamba zisipikwe.

Jioni Verlene alijidunga, akaketi barazani na barua za siku ile, pipa likiwa baridi uani. Ya kwanza ilikuwa ya mashine za kukatia majani, nusu bei, mwanamume anacheka. Aliifungua, akavaa miwani, akaisoma neno kwa neno mpaka maandishi madogo ya chini kabisa, asije akawa amekubali kitu.