Hata Nikilia, Usifungue

Mlango wa stoo aliutengeneza Wilbert mwenyewe. Alichagua mbao za mninga, akazipiga randa siku nzima, akaweka bawaba tatu badala ya mbili, halafu akausukuma kwa bega mara kadhaa kuupima. Haukutikisika. Akanigeukia akicheka, jasho likimtiririka shingoni.

"Huu hata mimi siuwezi," alisema, akanipa ufunguo. "Kuanzia Jumamosi hii, saa sita mchana unanifungia humo. Saa kumi na mbili jioni unanifungulia. Hata nikilia, usifungue, Mama Michael."

Wakati ule tulikuwa tunaishi Nangara, jirani na mashine ya kusaga. Mtoto wetu Michael alikuwa shule ya bweni. Mume wangu alikuwa fundi seremala, na kila mtu alijua kwamba ni fundi kama alivyojua kwamba ni mlevi. Mikono ilianza kumtetemeka kabla hajafikisha miaka arobaini. Alikata fremu za madirisha zikapinda, wateja wakaja kuchukua mbao zao kimyakimya. Siku moja aliamka asubuhi pembeni ya njia ya Bonga, amelowa mvua, na mtu asiyemjua amemfunika gunia. Kilichomuuma, aliniambia, ni lile gunia. Mtu alisimama, akamtazama, akamhurumia kama maiti.

Akanunua daftari la shule. Aliandika saa ya kuamka, saa ya kushika randa, njia za kupita na njia za kutopita. Aliandika kwamba anataka karakana yake mwenyewe yenye bati na umeme. Siku za kazi aliziweza. Jumamosi ndiyo iliyomshinda, kwa sababu wenzake walipita getini wakielekea kilabuni, wakapiga mluzi, na mguu wake ukainuka kabla kichwa hakijaamua.

Jumamosi ya kwanza ndani ya stoo alinitania. Ya pili alipiga kelele kwamba kuna nyoka kati ya magunia. Nilifungua mbio. Alinipita mlangoni kama upepo, sikumwona tena hadi Jumapili watu wanatoka kanisani, akishushwa kwenye bodaboda kama mzigo.

Alipopata fahamu hakuniomba msamaha. Alinilaumu. "Nilikuambia usifungue. Wewe ndiye mkono wangu wa pili, na umeniangusha." Akachukua daftari akaandika mstari mpya, akanisomea kwa sauti: *Hata nikisema nakufa. Hata nikisema nyumba inaungua.* Akataka niweke sahihi yangu chini ya yake. Niliweka.

Ya tatu alisema kifua kinabana. Nilikaa mbele ya nyumba nikichambua maharage, machozi yakidondokea ungoni, sikufungua. Saa kumi na mbili alitoka, akaniinamia, akaushika mkono wangu na kuuweka kwenye paji la uso wake. Hakuwa amenishika hivyo tangu tulipooana. Ya nne alisema mama yake ameanguka huko Dareda, amepigiwa simu. Simu yake nilikuwa nayo mimi. Ya tano, ya sita na ya saba zilikuwa nyepesi. Alilala, au aliimba.

Nataka nieleze vizuri jinsi nilivyokuwa Jumamosi ya nane, kwa sababu watu hudhani jambo kama lile huja na dalili. Mimi nilikuwa na furaha. Mvua za masika zilikuwa zimepumzika, jua limetoka, mashine inasaga, na redio ilikuwa inapiga kwaya. Stoo ilikuwa nyuma ya nyumba. Dirisha lake dogo la nondo lilitazama uwanja wa jirani yetu Rosemary, Mama Edda, na nyuma ya uwanja ule palikuwa na shimo waliloliacha wafyatua matofali. Masika ilikuwa imelijaza maji.

Ilikuwa kama saa tisa. Wilbert aliita.

"Mama Michael! Fungua! Mtoto yuko kwenye shimo! Mtoto wa Rosemary!"

Nilisikia kila neno. Sitasema sikusikia. Niliinuka nusu, kitenge kikanasa kwenye kigoda, na katika kukinasua nikapata nafasi ya kufikiri. Nilifikiri: leo amepata kubwa. Nyoka, kifua, mama, sasa ni mtoto wa watu. Nikajionea fahari. Nikakaa, nikaongeza sauti ya redio.

Aliupiga mlango kwa kitu kizito. Aliniita kwa jina langu la ubatizo, Xaveria, ambalo halitumii. Mlango haukutikisika. Kisha akanyamaza, na mimi nikasema moyoni, tumeshinda tena.

Kutoka pale nilipokaa hadi kona ya nyumba ni hatua ishirini. Nimezihesabu mara nyingi. Kwenye kona ile mtu anaona shimo lote. Daftari lilinikataza kufungua, halikunikataza kuchungulia. Hivyo ni vitu viwili, na ningeweza kuvitenganisha siku ile kama ningekuwa napenda ukweli kuliko nilivyopenda kushinda.

Nilipomsikia Rosemary akimwita mwanawe, kwanza kwa sauti ya kawaida, halafu kwa sauti ambayo siwezi kuiandika, ndipo nilipokimbia. Watu wa mashine walifika nami. Mmoja wao aliingia majini akamtoa Edda. Alikuwa na miaka mitatu, kandambili moja bado iko mguuni.

Nilirudi kufungua stoo. Wilbert alikuwa ameketi chini ya dirisha, viganja vyote viwili vimechanika kwa zile nondo. Nilitaka anipige. Nilitaka alie. Alinitazama, akasema polepole, kama fundi anayekagua kazi ya mwanafunzi wake:

"Umefanya nilivyosema."

Hatukulizungumza tena. Jioni ile baba yake Edda alikuja kumwomba jeneza, kwa kuwa ndiye seremala wa jirani. Wilbert alifunga viganja vyake vitambaa akaanza kazi. Nilisimama pembeni nimeshika taa, nikaona jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa miaka: mikono yake haikutetemeka. Kila msumari ulizama sawasawa. Aliposugua kingo kwa msasa alizirudia mara tatu, nne, kana kwamba ubao unaweza kumuumiza mtu aliyekwisha kupita maumivu.

Hajanywa tangu siku ile. Miaka tisa. Jumamosi iliyofuata alikwenda stoo mwenyewe, akakaa ndani, mlango wazi. Wenzake walipiga mluzi getini, hakuinua kichwa. Karakana ameipata, ipo barabarani, ina bati na umeme, na vijana wanne wanajifunza kazi kwake. Madawati ya kigango chetu ni kazi ya mikono yake. Parokiani humwita aseme na vijana kuhusu nidhamu, namna mtu anavyoweza kujiwekea lengo akalifikia. Mimi hukaa benchi la nyuma. Huwaambia habari za gunia, daftari, mlango wa mninga. Huwaambia habari za nyoka na vijana hucheka. Akifika Jumamosi ya saba husimama kidogo, hunywa maji, halafu husema, "Na tangu hapo, kwa neema ya Mungu, sijarudi nyuma." Hupigiwa makofi. Hajawahi kuitaja ya nane, na hajawahi kuniangalia akiiruka.

Mwaka jana, mwezi wa nane, Rosemary alikuja kunisaidia kupukuchua mahindi. Ana watoto wengine wawili sasa, lakini bado tunamwita Mama Edda, na huitika. Tulikuwa tumefika gunia la tatu alipouliza, bila kuinua macho.

"Mama Michael, siku ile mwenzio alikuwa nyumbani?"

Sikuuliza siku ipi. "Alikuwepo."

"Nilisikia mwanaume anapiga kelele huku kwenu. Nilikuwa mbele, namsuka wifi yangu. Mashine ilikuwa inalia, maneno sikuyashika. Wifi akasema, nenda kasikilize. Nikamwambia, achana naye, huyo ni Baba Michael na pombe zake." Aliendelea kusugua gunzi ambalo halikuwa tena na punje. "Miaka yote hii namsikia. Nikilala namsikia. Huwa najiuliza, labda alikuwa ananiita mimi. Alikuwa anasema nini?"

Ningeweza kumwambia. Nilikuwa nimeyaandaa maneno hayo tangu siku ya mazishi, yapo kinywani mwangu yamelainika kwa kuzungushwa. Niliitazama mikono yake. Nikafikiri kwamba nikiyasema, nitapumua, naye atajua kwamba aliitwa kweli, kwamba wifi yake alisema nenda na hakwenda.

"Alikuwa anataka nimfungulie mlango," nilimwambia. "Alitaka kwenda kunywa."

Aliacha kusugua. Mabega yake yalishuka, nikasikia pumzi ikimtoka, ndefu.

"Basi," alisema. "Asante, dada. Asante sana."

Alipoondoka nilikwenda karakana. Wilbert alikuwa anapiga randa ubao wa kabati. Nilimweleza aliloniuliza Rosemary na nililomjibu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile kwa mmoja wetu kulitaja. Alisimama na randa mkononi, maranda yamemfunika viatu.

"Kwa hiyo nilikuwa nataka pombe," alisema.

"Ndiyo."

Aliipangusa randa. Nje vijana wake walikuwa wanapakia vitanda kwenye toyo ya magurudumu matatu, wanabishana kamba ifungwe wapi.

"Sawa," alisema. "Iwe hivyo."

Akarudi kwenye ubao wake. Nilikaa juu ya mbao nikamngoja hadi alipofunga kazi, tukarudi nyumbani pamoja. Rosemary ameniambia siku hizi anapata usingizi.