Narudi Sasa Hivi

Kazini walimwita Machozi, na jina hilo hakulipata kwa kulia, alilipata kwa kuliza. Miaka kumi na miwili alikuwa anaandika tamthilia ya kila siku jioni. Alishazamisha watu kumi na mmoja majini na kuwarudisha wote, kila mmoja kapoteza kumbukumbu, kila mmoja analia mlangoni huku kinanda kikimsaidia. Kuna mwigizaji aliacha kazi ghafla, wakaleta mwingine, mrefu, sauti nzito, wakamvisha shati la yule wa kwanza. Wiki mbili simu za malalamiko hazikukatika. Ya tatu, kimya.

"Watazamaji wanazoea," Machozi alipenda kusema. "Mtu ni shati."

Nyumbani alikuwa na daftari la siri. Siri jina tu, maana mama mkwe alishawahi kulitandika chini ya sufuria ya moto. Humo alinakili vipindi vya wenzake, vile alivyotamani angeviandika yeye. Alinakili kwa mkono, mstari kwa mstari, kipindi kikiendelea, ili mkono ujifunze kilichokishinda kichwa. Akimaliza, chini kabisa, penye nafasi ya mwandishi, aliandika jina lake. Kuonja tu. Kama mtu anayejaribu koti la dukani akijua atalirudisha kwenye henga.

Jumapili hiyo saa kumi alasiri walikuwa wanne sebuleni, viti vinne, vikombe vinne. Mke wake, fundi cherehani, alikuwa anamalizia pindo la gauni la mteja. Mama mkwe alishika chai yake kwa mikono miwili. Shemeji, kaka wa mke, mfupi mwenye mwanya na mabega yanayocheka kabla ya mdomo, alishika rimoti. Huyu alikuja kukaa wiki moja, na sasa ulikuwa mwaka wa nne. Machozi alimlalamikia kila siku, na siku shemeji akichelewa kurudi, yeye ndiye aliyechungulia dirishani.

Kipindi kikaanza, kile kilichomkosesha usingizi mwezi mzima. Familia moja, meza moja, viti sita. Kila wiki mmoja wao anasimama, anasema "narudi sasa hivi," anatoka. Wiki inayofuata kiti kimoja hakipo, na hakuna anayeuliza.

"Mimi hapo ningemfanya shangazi azimie," alisema Machozi, kalamu ikikimbia. "Wao wanamimina chai tu. Unasikia baridi mpaka kisiginoni."

"Sema unaona wivu, Bwana Machozi," alisema shemeji.

"Wivu ulikuwa wiki ya kwanza. Sasa hivi naumwa."

"Mbona hawaongei?" aliuliza mama mkwe. "Wamenuniana?"

Kwenye runinga, baba mdogo wa familia ile alichukua mwavuli. "Narudi sasa hivi." Mlango ukajifunga taratibu. Majina yakaanza kupanda, Machozi akaandika lake chini ya ukurasa, kisha akainua macho amwone huyo bingwa ni nani.

Imeandikwa na. Halafu jina lake. Lote, mpaka la babu, ambalo hata kazini hawakulijua.

"Mmeona?"

Hakuna aliyeona. Mke alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Shemeji alikuwa anaigonga rimoti gotini.

"Betri zimekufa," akasema, akasimama. "Nakimbia hapo dukani. Narudi sasa hivi. Na chai yangu uiache, nakujua."

Akatoka. Mlango ukajifunga taratibu. Mlango ule haukuwahi kufungwa bila kupigwa teke.

Machozi alibaki anaitazama runinga, tangazo la sabuni likipita. Alipogeuka, sebuleni palikuwa na viti vitatu. Vikombe vitatu.

"Kaenda duka gani?"

"Nani?" aliuliza mke.

"Kaka yako."

Mke akakata uzi kwa meno. "Leo umeamua kunitafutia ndugu?"

"Mama, hebu mwambie huyu."

Mama mkwe akamtazama kwa huruma. "Mimi nilizaa mara moja, baba. Na hiyo moja ilinikomesha."

Mama na binti wakacheka. Nyumba ile ilikuwa ya utani, kwa hiyo Machozi akasubiri kicheko cha tatu kitoke nyuma ya mlango. Hakikutoka. Akaenda chumba kidogo anacholala shemeji. Godoro hakuna. Kulikuwa na cherehani mbovu na marobota ya vitambaa, na vumbi juu yake lilikuwa la miaka.

Aliporudi, mke alikuwa amekunja gauni, mkoba begani.

"Namfikishia mteja nguo yake, mtaa wa pili tu. Narudi sasa..."

"Usiseme." Machozi alishaegemea mlango kwa mgongo. "Kaa kwanza. Nakuomba, mke wangu. Dakika tano."

Kuombwa vizuri namna hiyo mke hakukuzoea. Akakaa kwa mshangao.

Machozi akafungua daftari, akalikata jina lake. Mstari wa wino ukafifia mpaka ukaisha, jina likabaki. Haya, kama kazi ni yangu, akawaza, basi na mimi niiandike. Akajaribu kuiandika kama wao: ukimya, mlango, kiti. Kalamu ikagoma. Katika kipindi kile hakuna aliyewahi kurudi, na uzuri wake wote ulikuwa hapo.

"Dakika tano zimeisha," alisema mke, akainuka.

Basi akaandika anachokijua. Mlango unagongwa. Anaingia aliyepotea, betri mkononi. Analia. Anawaita mama na dada. Kinanda. Aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka, lakini mkono ulikuwa unaruka. Haukuhitaji kujifunza hii.

Mlango ukagongwa.

Mahali fulani, labda kwa jirani, kinanda kikaanza. Akaingia mwanaume analia kwa kwikwi, betri mbili mkononi. "Mama! Dada! Nimerudi!"

Alivaa shati la shemeji. Mikono ya shati ilimwishia kwenye viwiko. Alikuwa mrefu, na meno yake yalikuwa yamebanana kama ukuta.

"Umekawia, mwanangu," alisema mama mkwe, akimfungulia mikono. "Chai imepoa."

"Betri zenyewe ndizo?" aliuliza mke, akatua mkoba.

Viti vinne. Vikombe vinne.

Machozi akarudi mbio kwenye ukurasa aandike: mfupi, mwanya. Wino haukushika. Chini, palipokuwa na jina lake, palikuwa peupe.

Mgeni akaja mpaka mezani, akachungulia kikombe. "Bwana Machozi," akasema kwa sauti nzito, "si nilikwambia chai yangu uiache?" Na mabega yakaanza kucheka kabla ya mdomo.

Wiki mbili Machozi alikula akimkwepa usoni. Ya tatu, shemeji alitupa utani mezani, Machozi akacheka mpaka akapaliwa, akampiga begani. Halafu akamtazama mdomoni. Alitaka kukumbuka ule mwanya ulikuwa meno ya juu au ya chini. Hakukumbuka.