Gogo Langu la Ncha za Waridi

Katika bonde letu lote hakuna mwanamke anayenishinda kuchonga dubu kwa chenso, ule msumeno wa mota. Wanawake wenye kuchonga tuko wawili, mimi na Opal, na Opal huchonga bundi tu.

Huku kwetu kila mtu huanza na dubu, kwa sababu dubu ni mnyama msamehevu. Ukikata sikio vibaya, unampunguza kichwa. Ukikosea tena, unamfanya mtoto wa dubu. Ukiharibu kabisa, unasema amelala. Mimi nilianza baada ya mume wangu, Harlan, kufariki na kuniachia misumeno yake ya mota pamoja na rundo la kuni ambazo hakuwahi kuzipasua. Nikazipasua mwenyewe. Zilipokwisha, sikuona sababu ya kuzima mashine.

Mwaka jana dhoruba ya Novemba iliangusha mwerezi wetu wa uani. Ulianguka juu ya banda la kuku, na kwa bahati nzuri kuku wenyewe nilikuwa nimeshawala. Lakini ua ulibaki kama mdomo uliong'olewa jino la mbele. Nilikuwa nikiosha vyombo naliona pengo, nikinywa kahawa naliona pengo. Nikakata shauri: kile kipande kinene cha shinani nitakichonga dubu, asimame palepale mti uliposimama, anitazame jikoni. Siku hizi mwerezi mnene namna ile huupati. Milimani wameshakata yote na kupanda misonobari myembamba, ukiichonga dubu anatoka kama paka mwenye njaa.

Gogo bichi likikauka haraka linapasuka, kwa hiyo sisi huzipaka rangi ncha zake ili maji yatoke polepole. Nyumbani nilikuwa na rangi ya waridi iliyobaki tulipopaka bafu. Nikaipaka ncha zote mbili, nikaliweka gogo juu ya matofali kando ya barabara. Waliopita walicheka. Wacheke, nilisema, dubu wangu anavaa soksi.

Asubuhi wachongaji hukutana mgahawani. Hapo yumo Lyle Pruett, jirani yangu wa bondeni kidogo, aliyekuwa dereva wa malori ya magogo hadi mgongo wake ulipokataa. Lyle anachonga vizuri, nisimnyime haki yake, ila kila mwaka hushika nafasi ya pili na kila mwaka anayo sababu.

"Verla," akaniambia siku moja, "ule si ni mti wa uani? Umejaa chuma ule. Utakuja kukatikiwa na mnyororo."

Hiyo ndiyo hofu yetu sote. Mti wa porini ni mti tu, lakini mti wa uani hupigiliwa misumari, hufungwa waya, hutundikwa bembea, na miaka ikipita unavimeza vyote na kufunga gome kana kwamba hakuna kilichotokea. Chenso ikikutana na chuma humo ndani, meno yanakwisha papo hapo, na mnyororo ukikatika unaweza kukurukia usoni.

"Ule wangu ni safi," nikasema. "Kilichokuwamo ni kapi, lile gurudumu la kupitishia kamba ya kuanikia nguo, na Harlan alilitoa mwaka ule nilipopata mashine ya kukaushia."

"Una hakika?"

"Aliniapia mkono uko kifuani. Alitoka na ngazi, akarudi anatiririka jasho, akasema tayari. Nikamkaangia mayai."

"Basi hiyo pale ni dhahabu," akasema Lyle, akaagiza pai nyingine.

Mwezi Juni nilikwenda mjini kwa daktari wa meno. Niliporudi, nilikuta matofali. Gogo hakuna. Kwenye majani palikuwa na alama za matairi na za kitu kizito kilichoburutwa. Nilitaka kutukana, lakini nusu ya mdomo ilikuwa bado imekufa ganzi na matusi yalitoka kama sala.

Ndipo ikaja sikukuu ya wakata miti, na mashindano yetu ya kuchonga kwa muda wa saa moja. Kila mtu huja na gogo lake, kipenga kikilia tunawasha, kikilia tena tunazima, na kilichochongwa kinapigwa mnada papo hapo kuchangia wazima moto wa kujitolea. Mnunuzi anakipakia kwenye gari lake, mmeagana nacho. Mimi nilikuja na kijigogo cha msonobari ambacho hata mwizi asingekigusa.

Kando yangu alisimama Lyle. Akavuta turubai. Lilikuwa gogo la mwerezi, nene, jekundu, na ubavuni lina uvimbe kama goti. Goti hilo nilikuwa nikilitazama kutoka jikoni tangu nilipoolewa. Nikaziangalia ncha. Zilikuwa zimekatwa upya, mbao tupu, hakuna hata tone la waridi. Ni gogo langu, ila limefupishwa huku na huku.

Nikamwita Denny, mkuu wa wazima moto, ndiye msimamizi.

"Denny, mwanangu, lile ni gogo langu."

"Bibi Verla, una uthibitisho?"

"Lilikuwa na rangi ya waridi kwenye ncha."

Akachungulia. "Mbona halina?"

"Si amezikata!"

"Bibi, siwezi kumwita mtu mwizi mbele ya watu wote kwa sababu ya rangi isiyoonekana." Akajikuna kidevu. "Ukinipa kitu cha kushika mkononi, nitamzuia. Vinginevyo kipenga kikilia, atakata."

Saa moja, na dubu wangu angeondoka kwenye gari la mtu nisiyemjua. Nikarudi kwa Lyle, nikamchekea.

"Gogo zuri hilo, Lyle. Umelitoa wapi?"

"Juu mlimani. Kwenye shamba la binamu yangu."

"Alah! Nilidhani kule wameshakata yote."

"Huu ulijificha kwenye korongo. Peke yake. Ilibidi tuuvute kwa waya."

"Na mgongo wako ule?"

"Binamu alivuta."

"Maskini. Hakujapita mtu basi huko."

"Mtu? Hata mbwa! Mti haujapata kuguswa na mkono wa binadamu tangu dunia iumbwe."

Denny akafika na kile kifaa chake cha kunusia chuma, kinacholia kama mbu kikipita juu ya msumari. Kanuni yetu ni kwamba gogo la uani lazima linuswe kwanza. La porini linawekewa alama ya chaki tu, basi.

"La uani au la porini?" akauliza Denny.

Lyle akanitazama. Mimi nikatazama mawingu.

"La porini," akasema.

"Linuseni tu," nikasema. "Kifaa hakina gharama."

"Kunusa nini?" Lyle akapandisha sauti, watu wakageuka. "Kuna nani aliyepiga msumari korongoni? Kigong'ota? Ondoka hapa bibi wewe, kachonge mbwa wako."

"Ni dubu."

"Mwambie na yeye, hajui."

Watu wakacheka, Opal naye akacheka, nimeliweka hilo moyoni. Denny akatia alama ya chaki, akawasogeza watazamaji nyuma ya kamba, akapuliza kipenga.

Chenso zote zikaunguruma. Sikuchonga chochote cha maana. Nilikuwa nikikata huku namtazama Lyle akifungua masikio ya dubu wangu, kwanza kushoto, halafu kulia, kwa ustadi mkubwa, na kila kipande kilichoruka niliona kama kinatoka kwangu. Akashuka kwenye shingo. Akageuza upau wa chenso, ule unaozungukwa na mnyororo, akauingiza pale kwenye goti.

Palitoka mlio kama nguruwe aliyebanwa na mlango. Cheche zikaruka, chenso ikagoma na kuzima. Lyle akabaki ameishika, amepauka, suruali yake ya kinga imejaa unga wa mbao. Denny akapuliza kipenga, nasi wote tukazima.

"Umeumia?"

"Sijaumia."

Denny akachukua patasi na nyundo, akachimba. Mwerezi ni laini, haikuchukua muda. Kwanza ikatoka ndoano yenye kutu. Halafu, imenasa humo humo, nusu ya gurudumu dogo la chuma, na kwenye mfereji wake kipande cha kamba ya kijani.

Lyle alikiona kabla sijafungua mdomo.

"Lakini Verla," akasema, kama mtu aliyeonewa, "wewe si ulisema Harlan alilitoa!"

Hakuna aliyecheka mara moja. Ilibidi neno litembee kwanza. Mkewe Lyle, aliyekuwa kwenye meza ya pai, aliweka kisu chini polepole.

"Alilitoa wapi, Lyle?" akauliza Denny. "Kule korongoni?"

Lyle akaangalia mlima kana kwamba binamu atatokea.

"Gogo linarudi kwa mwenyewe," akasema Denny, akaniwekea lile kapi kiganjani.

Nikaligeuza. Kamba ilikuwa imekatwa vizuri kwa kisu, na juu ya ndoano palikuwa pameshindiliwa donge la lami nisilione, lami ile ile Harlan aliyokuwa akizibia paa. Jasho lote lile. Na mayai yangu.

"Mwongo mkubwa wewe," nikasema.

"Nisamehe, Verla," akasema Lyle.

"Sisemi na wewe," nikamwambia. "Wewe subiri zamu yako."