Mikono ya Mume Wangu Mdogo

Mjukuu wangu Nyale alipewa jina la marehemu mume wangu, na kwetu mjukuu wa namna hiyo humwita nyanyake mke. Tangu utotoni alikuwa akiingia jikoni na kuuliza, "Mke wangu, umepika nini?" Nami nikimjibu, "Mume asiyeleta samaki haulizi."

Alipoingia kwenye dawa za kulevya, utani huo ulikufa.

Siku aliyorudi kutoka nyumba ya matibabu, nilimpokea mlangoni hapa Mtopanga. "Karibu, mume wangu."

"Usiniite hivyo, Hawe," akasema, akiniita nyanya kwa lugha yetu. "Babu hakuwa teja. Jina lake nimelichafua."

Nilimtengea chai. Kila asubuhi alikwenda kliniki kunywa dawa yake ya kumtoa kwenye uraibu, kisha akarudi kukaa uani na shati la mikono mirefu, amelifunga vifungo mpaka viganjani, na joto lote hili. Makovu ya sindano hakutaka hata paka ayaone.

Mimi huuza mahamri. Juzi vidole vilinivimba, nikashindwa kukanda. Nyale akanisogeza taratibu, akatia mikono kwenye sinia. Unga ukamganda mpaka kwenye vifungo.

Jirani yetu Pascalia alikuwa amekaa ngazini. Miaka ile watu walipokuwa wakimfukuza Nyale, yeye alikuwa akimwachia sahani ya wali langoni, iliyofunikwa vizuri.

"We Nyale! Mimi nimeagiza mahamri, sikuagiza shati!"

Nyale alicheka, halafu akaangalia mikono yake. Akaondoka. Nilidhani ndiyo basi tena. Kumbe alikwenda kunawa. Alirudi amekunja shati juu ya viwiko.

Pascalia aliyaona makovu yote. "Haya, kanda, mwanangu," akasema, kwa sauti yake ya kila siku. "Jioni nataka ya moto."

Alikanda kwa utulivu mpaka donge likalainika.

"Mikono hii imeniponza sana, Hawe," akasema. "Lakini ndiyo yangu. Na kukanda inajua."

"Inajua kunishinda mimi."

Jioni mahamri yalipoiva, alichukua la kwanza, akalipuliza, akaketi kando yangu na mikono yake wazi.

"Mke wangu," akasema bila kunitazama, "chai iko wapi?"

"Mume asiyeleta samaki haulizi," nikamjibu, huku nikimmiminia.